Gari la Kuazima na Maji Yaliyopungua

Injini ya gari hufanya kazi kwa maji na oili vilivyofungiwa ndani yake. Maji ya rejeta, yawe matupu au yamechanganywa na kulanti, huzunguka kutoka kwenye bloku hadi kwenye rejeta na kurudi, na katika gari lisilo na hitilafu miezi hupita bila kipimo chake kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Oili hupungua, lakini polepole, kwa kuwa kila pistoni inaposhuka huacha utando mwembamba kwenye ukuta wa silinda, na sehemu ya utando huo huungua. Kwa hiyo upungufu mkubwa wa ghafla ni habari kamili: una mahali ulipotokea, una sababu, na una wakati ulipoanza. Mahali huonekana kwa macho na vidole. Sababu hupatikana kwa vipimo. Wakati ndio mgumu kuliko vyote, na kwa gari lililotoka kwa mwenyewe, likakaa kwa mtu mwingine siku mbili tatu, kisha likarudi, wakati ndio hasa unaogombaniwa.

Mpanda ni mji ambao gari la kuazima lina kazi kubwa. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na kwa miongo mingi baadaye safari ya kutoka au kuingia ilitegemea treni na barabara za vumbi ambazo masika ilizikata ilivyotaka. Katavi, ambako Mpanda iko, ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012 ilipokuwa mkoa kamili. Lami imekuja vipande vipande: kusini kupitia Sitalike kuelekea Sumbawanga, na upande wa pili kupitia Inyonga na Koga kuelekea Tabora. Noah au Probox ambayo zamani isingethubutu kwenda mbali na mji sasa huombwa kwa ajili ya msiba wa Sumbawanga, harusi ya Tabora, mgonjwa wa kupelekwa Mbeya. Mwenye gari hukubali, kwa sababu kumnyima jamaa gari siku ya msiba ni jambo lisilosahaulika katika ukoo. Hakuna karatasi inayoandikwa wala boneti inayofunguliwa. Gari huondoka, na likirudi huwa limeoshwa na kutiwa mafuta kidogo, kwa heshima. Siku chache baadaye mwenyewe anakuta rejeta haina maji, au stiki ya oili inatoka kavu, na jina la kwanza linalomjia ni la yule aliyeliazima.

Huenda jina hilo ndilo. Lakini safari ndefu haifanani na wiki ya mjini, na tofauti hiyo inapaswa kueleweka kabla ya jina lolote kutajwa. Gari linalotoka Nsemulwa hadi sokoni na kurudi hutembea kilomita chache, injini ikipata joto lake sawasawa au hata kabla ya kulipata. Mpira wa rejeta uliopasuka nyuzi za ndani, kifuniko chenye springi iliyolegea, gasketi ya silinda hedi iliyobakiza maisha mafupi, vyote huweza kuishi hivyo mwaka mzima bila mtu kujua. Likibebeshwa watu saba na mizigo, likaenda mwendo wa lami kwa saa nne, kila udhaifu hupimwa kwa nguvu yake yote. Safari huukuta udhaifu upo na kuufungua. Zipo pia safari zinazoleta uharibifu mpya kabisa: jiwe lililogonga sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, kwenye barabara ya Karema, maji ya mto yaliyovukwa kwa pupa, mshale wa joto ulioachwa ukapanda hadi mwisho. Kazi ya uchunguzi ni kuyatenganisha makundi haya mawili, na mara nyingi inawezekana.

Maji ya rejeta ndiyo yanayopotea zaidi na ndiyo yanayoleta hasara kubwa zaidi, hivyo yanastahili kuangaliwa kwanza. Mpanda iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, ilhali injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho springi yake hushikilia mgandamizo wa takriban kilopaskali 90 hadi 110 juu ya ule wa hewa na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Kulanti huongeza nyuzi kadhaa na, muhimu zaidi, huzuia kutu na ukoko ndani ya njia za maji. Kazi yake ya kuzuia maji yasigande, ambayo ndiyo fahari yake katika nchi za theluji, haihitajiki Katavi. Ndiyo maana wengi hudhani haihitajiki kabisa, na rejeta zao huoza kutoka ndani.

Kifuniko hicho kina valvu ya pili, ndogo, inayoyarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Valvu ikikwama, maji yaliyosukumwa na joto hutoka kwenda kwenye chupa, chupa hujaa na kumwagika njiani, na baridi ikija hayarudi. Rejeta hupungua kila siku huku hakuna mahali panapovuja. Mafundi wengi huanza kutazama gasketi na kuacha kifuniko mwisho. Wangefanya vema kuanza nacho, maana ni spea ya bei ndogo na hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Mpira wake ukiwa umekakamaa au umepasuka, haukukakamaa kwa siku mbili za msiba.

Uchunguzi wenyewe huanza asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla gari halijawashwa. Kufungua rejeta ya moto ni kuuachia mvuke wote uliobanwa utoke usoni, na makovu ya namna hiyo hayafutiki. Boksi lililofunguliwa na kutandazwa chini ya injini usiku kucha huonyesha kama kuna kitu kinachotona na kinatona usawa wa wapi. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Kulanti huwa nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya bluu, hunata kidogo kwenye vidole na ina harufu tamutamu. Hidroliki ya gia za otomatiki pia ni nyekundu, na hapo wengi huchanganya. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kudondosha tone kwenye bakuli la maji, kwa kuwa kulanti huyeyuka na hidroliki huelea. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, yaliyodondoka karibu na upande wa abiria wa mbele, kwa kawaida ni ya kiyoyozi. Kati ya Novemba na Aprili, hewa ikiwa na unyevu, dimbwi dogo la namna hiyo halina kesi yoyote.

Baada ya boksi hufuata mwanga na kioo kidogo. Maji yanayovuja yakiwa ya moto hukauka kabla ya kudondoka na kuacha ukoko, mweupe kama ni maji ya kisima, wenye rangi kama ni kulanti. Ukoko huo hutafutwa kwenye klipu za mipira, kwenye mshono kati ya plastiki na alumini ya rejeta, na kwenye tundu dogo lililo chini ya wota pampu. Tundu hilo liliwekwa na watengenezaji kwa makusudi, ili sili ya pampu inapoanza kuchoka maji yatokee hapo na kumwarifu mwenye gari mapema. Ndani ya gari, zulia lenye unyevu na harufu tamu chini ya dashibodi humaanisha kirejeta kidogo cha hita kimetoboka, hitilafu ambayo Mpanda husahaulika kwa kuwa hita yenyewe haiwashwi. Kama macho hayakuona kitu, pampu ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa kifuniko na kusukuma mgandamizo uleule wa safarini, injini ikiwa baridi. Mshale wa geji ukishuka, maji yanatoka mahali. Gereji nyingi ndogo hazina kifaa hiki, na ni hasara, maana kingemaliza kwa dakika kumi mabishano ya wiki nzima.

Hapa ndipo wakati unapoanza kusomeka. Vumbi jekundu la Katavi hufanya kazi ya kalenda. Oili iliyovuja kwa miezi huvuta vumbi, hukauka, huvuta vumbi jingine juu yake, na kuwa tope gumu lenye tabaka linalokwanguliwa kwa bisibisi. Oili iliyovuja wiki hii inang'aa, imelowa, na imeosha njia nyembamba katikati ya vumbi la zamani. Ukoko wa kulanti wenye tabaka na kingo zilizopauka ni wa siku nyingi. Mchirizi mmoja wenye rangi kamili ni wa karibuni. Nati ya kumwagia oili iliyolegea inaelekea kwa fundi aliyebadilisha oili mara ya mwisho na si kwa dereva wa mwisho. Sampu yenye mkwaruzo unaong'aa chuma kitupu imegongwa karibuni. Yenye mkwaruzo uliokwisha kuota kutu ilikwisha kugongwa kabla. Kwa bahati mbaya ushahidi huu wote hupotea gari likioshwa injini kwa mashine, na mwenye gari aliyekasirika mara nyingi huanza na hilo hasa, ili fundi "aone vizuri". Injini yenye kesi isioshwe kabla ya kutazamwa na kupigwa picha.

Ipo sababu ya joto inayohusu mkoa huu kuliko miji mingi. Nyasi za mbugani huzaa mbegu nyepesi ambazo gari linapopita njia ndogo katikati ya nyasi ndefu huvutwa na feni na kunasa kati ya mapezi ya rejeta. Zikijaa, hewa haipiti, na maji yaliyo kamili kabisa hushindwa kupozwa. Ndiyo maana magari ya safari za mbugani hufungwa wavu mbele ya rejeta, na madereva wake husimama kuusafisha. Gari dogo la mjini lililokwenda shambani Mpimbwe au kwenye machimbo ya dhahabu kwa njia ya mkato halina wavu huo. Mbegu zikikutwa zimejaa, mbichi au za rangi ya majani makavu bila vumbi juu yake, safari imejieleza yenyewe: gari lilipelekwa mahali lisipopaswa kwenda, au angalau mahali ambapo mwenyewe hakuambiwa. Mbegu hizohizo zikijikusanya juu ya bomba la moshi huweza kuwasha moto, jambo zito kuliko rejeta.

Kifuniko kikiwa kizima, upungufu usioonekana popote nje umeingia ndani. Silinda hedi za magari mengi ni za alumini, na katika injini kadhaa zinakaa juu ya bloku ya chuma cha kalibu. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Gasketi iliyo katikati huvumilia tofauti hiyo mradi joto libaki katika mipaka. Gari likichemsha, hedi hupinda, gasketi huungua sehemu moja, na kuanzia hapo maji na moto wa silinda hutafutana. Maji yakiingia kwenye silinda hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, unaoendelea hata injini ikishapata moto. Mvuke wa dakika chache za kwanza asubuhi ya Juni au Julai ni wa kawaida na usimtishe mtu. Plagi ya silinda iliyopitiwa na maji hutoka safi kuliko wenzake, kana kwamba imesuguliwa. Moto wa silinda ukiingia kwenye maji, povu huonekana mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma, na mipira hukakamaa dakika chache baada ya kuwasha, kabla ya joto kuwa sababu. Fundi mwenye kifaa huvuta hewa ya mdomoni mwa rejeta na kuipitisha kwenye kimiminika cha bluu. Kikigeuka njano, hewa hiyo imetoka kwenye mlipuko wa silinda.

Maji yakiingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Dalili hii inaaminiwa kupita kiasi na imewahukumu watu wasio na kosa. Gari linalotembea safari fupifupi mjini hukusanya unyevu chini ya kifuniko cha oili, na unyevu huo hutengeneza utando mweupe pale juu peke yake. Cha kutazama ni stiki. Stiki ikiwa safi na kipimo hakijapanda, utando wa kifunikoni ni unyevu wa hewa. Stiki yenyewe ikitoka na maziwa, na kipimo kimepanda badala ya kushuka, maji ya rejeta yako ndani ya sampu na injini haipaswi kuwashwa tena hata mara moja, maana vyuma vyake vinasugulana juu ya kitu kisichoweza kuvitenganisha.

Swali linalofuata huwa kali: kwa nini aliyeendesha hakuona mshale ukipanda? Huenda uongo si wake. Kihisi cha joto husoma maji yanayokigusa. Maji yakishuka chini ya kihisi, kinabaki hewani au kwenye mvuke, na mshale huweza kubaki katikati au hata kushuka wakati hedi inaungua. Baadhi ya magari madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya joto, na taa nyekundu hutegemea kihisi hichohicho. Zaidi ya hapo, kipande cha barabara ya Sumbawanga kinachopita kando na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, si mahali pa kushuka na kufungua boneti saa moja jioni. Dereva aliyesukuma kilomita chache zaidi ili afike Sitalike, akiwa na mgonjwa au watoto nyuma, alichagua kati ya injini na watu. Hukumu yoyote isiyokumbuka hilo ni hukumu ya mtu aliyekuwa amekaa nyumbani.

Kosa lililo wazi liko kwingine. Liko kwa aliyeona mvuke, akasimama, akaomba ndoo kijijini, akajaza maji ya mto kwenye injini ya moto, akaendelea na safari, na akarudisha funguo kimya. Maji baridi yakikutana ghafla na hedi iliyochemka huweza kuipasua. Maji ya mto huacha tope na chumvi kwenye njia nyembamba za rejeta. Kimya chake humfanya mwenye gari aliwashe kesho yake kwa imani, na safari hiyo ya pili ndiyo mara nyingi inayomaliza injini. Hitilafu iliyosemwa siku ileile pengine ingegharimu mpira mmoja wa rejeta. Iliyofichwa hugharimu kuchongwa hedi, gasketi mpya, na wiki tatu za kusubiri spea kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Anayejua kwamba gari lilichemsha na asiseme amejitwisha deni lote lililofuata, hata kama udhaifu wa mwanzo haukuwa wake.

Viraka vya njiani huongeza ugumu. Wapo wanaotia ute wa yai au pilipili manga ya unga kwenye rejeta ili tundu lizibe. Huziba kweli kwa saa kadhaa, pamoja na njia zisizopaswa kuzibwa. Wapo mafundi wanaong'oa thamostati kama dawa ya kila gari linalochemsha. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi katika injini nyingi, na kazi yake si kupoza tu bali pia kuifikisha injini kwenye joto lake. Katika Toyota nyingi kipande hicho pia huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Kikitolewa, sehemu kubwa ya maji huzunguka humohumo bila kupozwa. Gari likikutwa halina thamostati, mwenyewe aulizwe kwanza ni fundi gani na lini, kabla ya aliyeazima kuulizwa lolote.

Oili ina sheria zake. Hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke kwenye sampu. Aliyepima papo hapo baada ya kusimama ataona upungufu ambao haupo. Kati ya alama ya chini na ya juu ya stiki, injini nyingi ndogo hubeba karibu lita 1. Watengenezaji wengi huvumilia kiwango cha juu kinachokaribia lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kabla ya kukiri kwamba injini ni mbovu, ingawa injini nzima hutumia kidogo sana kuliko hapo. Mpanda hadi Tabora na kurudi ni zaidi ya kilomita 600. Injini iliyochoka ringi za pistoni huweza kumaliza sehemu kubwa ya nafasi ile ya stiki kwa safari hiyo moja, bila kuvuja tone na bila dereva kufanya kosa. Moshi wa bluu unapokanyagwa mafuta huelekeza kwenye ringi; moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi tu gari linapowashwa baada ya kulala huelekeza kwenye sili za valvu. Vyote viwili ni magonjwa ya umri.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Gari la safari fupi hukusanya ndani ya oili yake petroli isiyoungua na maji ya mvuke, na kwa hiyo stiki huonyesha kipimo kizuri kuliko ukweli. Safari moja ndefu yenye joto kamili huvukiza mchanganyiko huo, na stiki hushuka. Mwenye gari huona oili "imeliwa", kumbe kilichoondoka kilikuwa hakistahili kuwemo. Na taa nyekundu ya oili, ambayo wengi huisubiri iwaambie oili imepungua, hupima mgandamizo wala si kipimo. Inapowaka kwa mara ya kwanza kwenye kona, pampu tayari inavuta hewa. Gari lililoendeshwa kilomita kadhaa taa hiyo ikiwaka hurudi na mlio wa kugonga kutoka chini, injini imenoki, na hapo hakuna wa kujitetea: taa hiyo ni nyekundu kwa sababu inamwambia dereva asimame.

Vimiminika vingine huhitaji maneno machache. Mafuta ya breki hushuka taratibu kadiri pedi zinavyoisha, kwa kuwa pistoni za breki husogea mbele na kuhitaji mafuta zaidi nyuma yake. Upungufu mdogo wa hapo ni wa pedi na si wa kuvuja. Hidroliki ya usukani haipaswi kupungua. Oili ya difu ikitoka na rangi ya maziwa, gari lilipitishwa kwenye maji yaliyofika juu ya ekseli, na mwezi Februari kwenye mito ya Katavi hilo halihitaji maelezo marefu.

Matokeo yote haya yakishakusanywa hubaki suala la nani alipe, na hapo mafundi hawana neno la mwisho. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaihusu mali iliyokabidhiwa kwa muda. Aliyekabidhiwa anatakiwa kuitunza kama mtu wa busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe, na akifanya hivyo hawajibiki kwa kuharibika kwake. Mwenye mali naye anatakiwa kutaja kasoro anazozijua zinazoweza kuathiri matumizi yake. Aliyejua kwamba rejeta huongezwa maji kila Jumamosi na hakusema amevunja wajibu wake kabla gari halijatoka uani. Katika fikihi ya Kishafi, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliyeazima ni mdhamini wa kitu hata asipozembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yaleyale aliyoruhusiwa. Wanazuoni wa Kihanafi humhesabu kuwa mwenye amana, asiyelipa mpaka uzembe uthibitike. Njia ni tofauti, lakini zote huishia kwenye swali ambalo fundi alilianza asubuhi kwa boksi na kioo: je, huu ni uchakavu uliokuwepo au ni uharibifu uliofanywa?

Swali hilo hujibika kwa urahisi pale tu kipimo cha kwanza kinapojulikana. Bila kujua maji na oili vilikuwa wapi gari lilipotoka, kilichopo ni kipimo kimoja, na kipimo kimoja hakionyeshi mwendo. Dakika kumi zinatosha siku ya kukabidhi: rejeta ifunguliwe ikiwa baridi, stiki ichomolewe, ifutwe, ichovywe tena na kupigwa picha kwa simu pamoja na kilomita za dashibodi, wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya boneti. Anayeazima aonyeshwe mshale wa joto uko wapi, aelezwe taa ya oili maana yake ni kuzima, na aambiwe kila udhaifu wa gari hata ule wa aibu. Apewe lita 1 ya oili ileile na dumu la maji safi. Aambiwe pia kwamba gari likichemsha apige simu bila hofu, kwa sababu hofu ya kufokewa ndiyo huwafanya watu wengi waendelee kuendesha.

Gari likirudi, wapime tena pamoja kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi. Na mwenye gari ambaye hakupima siku ya kutoa, na ambaye uchunguzi haukumwonyesha mkwaruzo mpya, mchirizi mpya wala dalili ya kuchemsha iliyofichwa, alipie gasketi yake mwenyewe na asimkatie ndugu yake salamu.